Leta Sauti

Wifi yangu hasemi na mtu kabla hajamaliza maji yake ya moto. Si chai, si kahawa. Maji matupu, kwenye kikombe cha bati kilichong'oka mpini, anakishika kwa kipande cha kitambaa alichookota sakafuni kwangu. Nimekaa naye nyumba moja tangu nilipoolewa na kaka yake, na mpaka leo nikimsalimia kikombe hakijaisha ananiinulia kidole kimoja, yaani ningoje. Zamani nilikuwa navimba. Nilijisemea, huyu ananidharau, si wifi huyu? Siku hizi maji namwekea mwenyewe, na mimi nanyamaza, ingawa kunyamaza sikuzaliwa nako.

Kazi yangu ni mapazia. Chumba cha mbele kina cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo ambacho wateja hujitazama bila sababu, maana pazia halivaliwi. Chumba cha pili ni stoo, majora ya vitambaa yamesimama wima kuta zote, ukiingia humo hata hatua zako huzisikii. Nyuma ya stoo ndipo kwa wifi: meza, kompyuta, na viatu vyake ambavyo havijawahi kukaa jozi mahali pamoja. Mteja akisikia mtu anabishana na ukuta huko nyuma namwambia, usijali, ni wifi yangu yuko kazini.

Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Wifi na wenzake wachache, walioko miji ya mbali na wengine hajawahi hata kuwapa mkono, wanatunza lugha. Si lugha ya watu kusemeshana. Ni lugha ya kuandikia programu, ile ya kuiambia kompyuta fanya hiki, acha kile. Waliitunga wenyewe na wanaigawa bure. Siku nilipojua hilo nilishindwa kuvumilia.

"Wifi, kutwa nzima umeinama mgongo kwa kitu cha bure?"

"Hata njia ya kupita ni ya bure," akanijibu, "na yupo anayeifagia."

Nikarudi kwenye pazia langu. Kwangu kushindwa hoja ni nadra, muulize yeyote mtaani.

Mume wangu, kaka yake, alikuwa mnadi. Ndivyo alivyoitwa na watu wote, Mnadi, hata msikitini na hata hospitalini. Vitanda, makabati, mali za maduka yaliyofungwa, vyote vilipita mdomoni mwake. Alikuwa anapanda juu ya kreti, anakohoa mara mbili, kikohozi kirefu halafu kifupi, "Ehem... hem," na uwanja mzima unatulia. Hakuwa na kifua. Ulikuwa mwiko wake tu wa kazi, hawezi kufungua mnada bila kukohoa. Halafu anaanza: mara ya kwanza! Mara ya pili! Na akisema mara ya tatu, basi, kitu kimeshauzwa, hata ulie.

Mimi mwenyewe alinipata hapo. Nilikwenda kununua cherehani, nikapambana na bwana mmoja mnene mpaka mfuko ukaniishia. Mnadi akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili, akanitazama, kisha akanyamaza. Mara ya tatu haiji. Yule bwana akapiga kelele, "Vipi, umemeza ulimi?" Mnadi akamjibu, "Dada bado anafikiri." Akaningojea mpaka nikakopa kwa jirani yangu niliyekuja naye. Cherehani ile ndiyo hii ninayoshonea sasa, na maneno mengine yote yalifuata baadaye.

Basi koo likaugua. Daktari akasema wazi kwamba kile kisanduku cha sauti kilicho kooni lazima kitolewe, la sivyo ataondoka yeye mwenyewe. Mimi nililia, binti yetu akalia, Mnadi akatania kwamba majirani sasa watalala usingizi. Wifi hakulia. Alimaliza maji yake, akaingia stoo, akapanga majora yangu duara kama kibanda, akaweka kipaza sauti katikati.

"Kaka, ingia humu," akasema. "Utanisomea."

Akawa anamsomesha kila siku kabla ya upasuaji. Maneno ya kawaida, majina ya vitu, maswali, matusi madogo madogo ya mnadani, vyote. Ili baadaye mashine iweze kuyakata na kuyaunga, aandike chochote imsemee kwa sauti yake mwenyewe. Na kila alipoanza kusoma alikohoa, ehem, hem, kama yuko juu ya kreti. Mimi nikiwa mlangoni na futi yangu shingoni nikamwambia wifi, "Hivyo vikohozi si uvifute? Vinakujazia mashine bure."

"Viache," akasema, wala hakugeuka.

Upasuaji ukapita salama. Mnadi akarudi na kitundu shingoni na kimya ambacho sikukizoea. Kumbe mtu unaweza kuishi na kelele miaka yote ukiilaani, na siku ikiondoka ukawa unaiwashia redio.

Wifi akaitengeneza mashine, ndogo, ya kukaa mapajani, yenye vitufe na spika. Alipoijaribu chumbani kwake Mnadi aliandika sentensi moja, na mashine ikasema kwa sauti ile ile yenye mchanga ndani: "Mke wangu, umenenepa." Jamani! Nilimpiga kwa kitambaa nikamkumbatia huku machozi yananitoka. Tukaipeleka sebuleni, tukaiwekea na vipande vingine alivyohitaji, kikiwemo kile cha saa kinachomkumbusha dawa. Tukaiwasha. Mnadi akaandika. Ikatoka sauti ya kijana msafi, aliyesoma, anayetamka kila herufi kama anatangaza riba ya benki.

"Huyu nani?" nikauliza.

Wifi akazima, akawasha. Kijana wa benki tena.

Alichonieleza nitakieleza kama nilivyokielewa, wenye kazi yao mnisamehe. Programu haiandikwi yote mahali pamoja. Inaandikwa vipande vipande, kila kipande na kazi yake na jina lake, wao wanakiita moduli. Ukihitaji kipande unaandika neno leta, na jina lake. Leta saa. Leta hesabu. Leta sauti. Sasa sauti zilikuwa mbili. Moja ya Mnadi, iliyo kwenye folda yake, na moja ya wote, iliyo kwenye maktaba ya lugha, ndiyo ya huyo kijana. Kipande cha saa kilikuwa kinaamka kwanza, kinasema leta sauti, kinapewa ya maktaba, sawa kabisa. Kisha kipande cha Mnadi nacho kinasema leta sauti. Hapo lugha haihangaiki kutafuta tena. Inajua imeshaleta kitu kiitwacho sauti, basi inampa hicho hicho.

"Mtu akiita mama humu ndani," wifi akaniuliza, "nani anaitika?"

"Mimi."

"Na mtoto wa jirani akiita mama kwao?"

"Akija kuniita mimi nitamtandika, ana mama yake."

"Lugha yetu haijui hilo. Ikishamjua mama mmoja, kila anayeita mama inamletea yeye. Inakumbuka jina, haiulizi nani anaita na anaitia wapi."

"Makubwa! Na nyinyi wenye akili ndio mlioitunga hivyo?"

"Ilikuwa ndogo," akasema. "Kulikuwa na mama mmoja tu."

Nikamwambia abadilishe jina basi, iitwe sauti ya kaka, tumalize maneno. Nilidhani atabisha, hakubisha. Akakaa akafungua kila kipande kilichohusika, akabadilisha jina kimoja kimoja, na Mnadi akapata sauti yake. Mimi naye tukagombana vizuri siku kadhaa, kwa raha zetu. Na binti yetu alikuwa amechumbiwa, kwa hiyo tukaenda kwa wakwe watarajiwa, mimi na gauni jipya, Mnadi na mashine mapajani.

Alianza vizuri. Aliwasalimu, akamtania babu wa mchumba kuhusu kofia yake, wote wakacheka. Katikati ya sentensi mashine ikanyamaza. Ilikuwa inajisasisha kwa mtandao, inachukua vipande vipya kama walivyoviandika wenyewe huko mbali, na majina yote aliyoyabadilisha wifi yakafutika. Ikaamka tena. Mnadi, ambaye hakujua, akaendelea kuandika habari za mwanawe, jinsi alivyozaliwa mdogo akalala kwenye droo ya kabati. Ikamtoka kwa mdomo wa kijana wa benki. Bibi mmoja pale, wala hakuwa na ubaya, akauliza, "Na huyu anayesema ni nani tena?"

Mnadi akafunika mashine. Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani aliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akaiweka mezani mbele ya dada yake: Sitamuaga mwanangu kwa mdomo wa mtu mwingine. Na chini yake: Usinibandike kiraka kingine. Tengeneza, au niache kimya.

Akaitia mashine kwenye droo. Hakuigusa tena.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo. Harusi ilikuwa karibu, ukumbi umeshakodiwa, mapazia yake nimeshona mimi. Binti yetu alitaka kitu kimoja tu siku hiyo, baba yake aseme. Alinijia cherehanini akanishika bega. "Mama, hata maneno mawili. Lakini yawe yake."

Nikamwendea wifi huko nyuma, maji yameisha au hayajaisha sikuangalia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi haraka!"

"Haraka ndiyo iliyotufikisha kwa wakwe," akasema. Akavuta kiti.

Mimi ni fundi, najua kiraka juu ya kitambaa kilichooza: ukivuta kidogo kinachanika na kilichokuwa kizima. Kwa hiyo nilimwelewa. Lakini kuelewa hakunizuii kukasirika.

Kwanza hakutengeneza chochote. Aliandika vijiprogramu vidogo vya kuliita lile kosa makusudi, sauti mbili, saa moja, anaviendesha na kutazama mstari mwekundu ukitokea. "Unafanya nini?" nikamuuliza. "Nataka nilione kwanza," akasema, "ili likiondoka nijue limeondoka." Siku zinakwenda, wifi yangu anafuga kosa.

Kisha akaingia kwenye mashina yenyewe ya lugha. Akaifundisha kwamba mtu akisema leta, iulize kwanza anayeita yuko wapi, itafute karibu naye, na kila kinacholetwa kikumbukwe kwa anwani yake yote, si kwa jina tupu. Nilikuwa namsikia kupitia stoo. "Hapana. Hapana. Hebu njoo. Kwa nini wewe unakwenda huko?" Siku mistari ilipogeuka kijani alitoka akaja chumba cha mbele bila viatu, akasimama akanitazama nikishona, kisha akarudi. Hiyo kwake ni ngoma na vigelegele.

Nikadhani yameisha. Kumbe lugha si mali yake peke yake. Lazima wenzake wakubali ndipo itoke kama toleo jipya, vinginevyo ni kiraka kingine, mashine ikijisasisha tu kinafutika. Wakafanya kikao kwa kompyuta, nyuso zao zimepangwa kwenye kioo kama picha za ukoo. Mkubwa wao ni mzee mmoja mwenye miwani, wenyewe wanamwita Mzee wa Kanuni, kwa sababu kanuni zote aliziandika yeye na wifi. Moja naijua kwa moyo, maana wifi huihubiri: moduli ikiletwa, ikae kimya mpaka itumwe kazi. "Mgeni mwenye adabu akikaribishwa anakaa," husema. "Haanzi kufunua masufuria." Nimewahi kumsikia akimkaripia kijana wa watu karibu alie kwa sababu moduli yake ilikuwa inachapisha salamu mara tu inapoletwa.

Mzee akasema, "Kazi ni nzuri. Lakini tungoje toleo la mwakani."

Mwakani! Nilikuwa nyuma ya mlango, sikumbuki miguu ilivyonifikisha mbele ya kamera. "Mzee, shikamoo. Mwakani binti yangu atakuwa na mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hujui?"

"Marahaba mama," akasema, taratibu kabisa. "Ni kweli. Lakini ukitaka kugusa ukuta wenye ufa, utazame kwanza kama hakuna aliyeuegemea. Wapo watu programu zao zinafanya kazi kwa sababu ya kosa hili. Tukilitoa leo, kesho zinaanguka, na wao hawajatukosea."

Nikamgeukia wifi anisaidie. Wifi akasema, "Mzee anasema kweli."

Lo! Damu yake mwenyewe! Nilitoka pale nikaenda cherehanini. Nilishona kitambaa ndani nje, nikafumua, nikashona tena ndani nje. Niliapa kwamba maji ya moto atachemsha mwenyewe.

Alichemsha mwenyewe. Na baada ya kumaliza kikombe akaanza kupiga simu. Mlango kati ya stoo na kwangu haufungi vizuri, nikawa nasikia yote, hata kama sikutaka, na nilitaka. Alikuwa anawatafuta walioegemea. Mmoja alikuwa mama mwenye kiwanda kidogo cha sabuni. Sufuria lake kubwa linaendeshwa na programu, kipande kimoja kinasoma joto, kingine kinapunguza moto, na vyote viwili viliita kitu kiitwacho kipimo. Vilikusudiwa kuwa vipimo viwili, ila kwa lile kosa la lugha vilikuwa vinapewa kimoja, na ndivyo vilivyopata kusikilizana. Lugha ikitengenezwa, kila kimoja kitapata cha kwake, moto hautajua joto limefika wapi, na sabuni itaungua.

"Kosa ni letu, si lako," nilimsikia wifi akimwambia. "Wewe nitumie tu programu yako. Nitakurekebishia, ujaribu, ukiridhika uniambie. Usipoambiwa na mimi usibadilishe kitu."

Na yule akafuatiwa na mwingine, na mwingine. Mwalimu, fundi wa mashine za kuangulia vifaranga, msichana mmoja ambaye hata hakujua kwamba anatumia lugha yao. Kila mmoja anaambiwa maneno yale yale, kosa ni letu. Hakumwambia hata mmoja kwamba ana kaka aliyenyamaza wala kwamba harusi inakuja. Nilisimama pale stoo na jora mkononi, nikamwonea huruma, na aibu ikanishika kidogo. Kaka yangu mimi angekuwa amenyamaza, ningewapigia wote hao nikawaambia wakae pembeni.

Asubuhi yake nikaweka maji jikoni.

Mama wa sabuni aliporidhika, na wengine wakaridhika, wifi aliwapelekea wenzake kazi yote, pamoja na marekebisho ya kila aliyeegemea. Mzee wa Kanuni akasoma. Akaandika mstari mmoja: Sasa ukuta hauna mtu, bomoa. Toleo likatoka wiki ya harusi yenyewe. Wifi akaitoa mashine ya kaka yake kwenye droo, akaiacha ijisasishe, akaisikiliza kwa vidude vya masikioni akiwa amefumba macho.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Iko sawa."

"Nipe nisikie."

Akaiweka kwenye mfuko wake. "Kaka ameniandikia kwamba hataigusa mpaka siku yenyewe. Na wa kwanza kumsikia ni binti."

Hivyo nikaenda harusini na roho mkononi.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, spika kubwa, mapazia yangu ya rangi ya maziwa yameshuka vizuri, nikaona pindo moja limepinda nikajizuia kwenda kulinyoosha. Wapagazi wa uwanja wa mnada walikuja wote, wamekaa nyuma wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Wakwe walikuwa mbele, na yule bibi aliyeuliza. Ilipofika zamu ya baba wa bibi harusi watu wakatazamana, maana walijua. Wifi akamwekea mashine kwenye meza ndogo, akaunganisha na spika, akakaa sakafuni karibu na waya bila viatu. Mnadi akaiwasha.

Ikasema, "Saa kumi na nusu jioni."

Kijana wa benki. Ukumbi mzima umesikia. Mikono ya Mnadi ikakwama juu ya vitufe. Binti yetu akainamisha kichwa. Mimi nikamtazama wifi kwa macho ambayo Mungu ndiye anayeyajua. Wifi akaniinulia kidole kimoja.

Ningoje.

Nikakumbuka, na nikamwona Mnadi naye akikumbuka: saa ni ya maktaba, sauti yake ndiyo ile. Saa imemwita mama yake. Mnadi akashusha mikono akaandika, polepole, akabonyeza.

"Ehem... hem."

Kirefu, halafu kifupi. Kupitia spika zile, sauti ya koo ambalo mume wangu hana tena. Huko nyuma mpagazi mmoja mzee akasimama wima bila kujua kwamba amesimama. Watu wote wakatulia, kama uwanjani. Mnadi hakuandika kikohozi. Alikuwa anaitazama mashine, mdomo wazi, kisha akamtazama dada yake pale sakafuni.

Ndipo nilipoelewa vile vikohozi vya stoo vilikokwenda. Wifi alikiweka kimoja ndani ya moduli yenyewe, mahali ambapo ikiletwa tu, kabla haijatumwa neno lolote, inakohoa. Kavunja kanuni yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake na kuwakaripia nayo watoto wa watu. Wifi aliangalia waya. Akajifanya anaukaza.

Kisha Mnadi akasema.

"Nimewauzieni vitanda. Nimewauzieni makabati, na mafriji mengine yasiyogandisha, Mungu anisamehe." Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikicheka nalia. "Leo sikuleta mali. Huyu alilala kwenye droo ya kabati nililoshindwa kuliuza, kwa sababu yeye alikuwa ndani. Kijana, usinitajie bei, hana. Mtunze tu, na akikasirika kimbia, amemfuata mama yake."

Akasubiri watu wamalize kucheka. Alijua kusubiri, ile ndiyo kazi yake.

"Mara ya kwanza, mwanangu, nakuaga."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Mara ya pili, nakuaga."

Tukangoja ya tatu. Wapagazi walikuwa wameshakunja ngumi kama wanavyofanya mnadani, tayari kugonga meza. Kidole cha Mnadi kilikuwa juu ya kitufe. Alimtazama binti yake kama alivyonitazama mimi siku ya cherehani, na kidole hakikushuka. Binti akanyanyua gauni lake akashuka jukwaani anakuja.

Mara ya tatu hakuisema. Alifunika mashine, akampa dada yake aishike, akasimama akafungua mikono.